Askari Hawakuingia

"Mimi na mafua wapi na wapi?" Mama Pacha alikwishaweka mguu mmoja kizingitini. "Nitazame pua! Kavu kama jiwe. Na bado unanifukuza kama kuku aliyeingia sebuleni!"

"Sijakufukuza, jirani. Nimesema mgonjwa amelala."

"Amelala tangu mvua zile hadi jua hili? Shoga, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe umetia komeo, sasa apone vipi?"

Fundi cherehani alisimama mlangoni kwake, mkoba wa hospitali ungali begani, hata viatu hajavua. Nyuma ya Mama Pacha alikuwepo mumewe, dereva wa lori, na nyuma ya dereva wateja wengine wa Kinyozi, mume wa Fundi, nywele zimewasimama kama magugu. Tangu Kinyozi augue waliapa hawatampa kichwa mtu mwingine. Mtaa mzima ulifuga ndevu. Mgeni akipita angedhani kuna mashindano.

"Kichwa kinaniwasha, sikatai," dereva alisema kwa aibu. "Ila sikuja kunyolewa, shemeji. Nataka kumwona tu."

Fundi hakumtazama. Alikuwa akiyakataa maombi hayo tangu siku daktari alipowaeleza kuhusu kansa ya pafu la mumewe. Mwili una askari wake, daktari alisema, chembe zinazozunguka kwenye damu zikisaka maadui. Wakiingia kwa wingi ndani ya uvimbe, mara nyingi mgonjwa huishi zaidi. Wakibaki nje, mambo huwa magumu. Akamwandikia Kinyozi dawa ya mshipani ya kuwaamsha hao askari, halafu akasema kama kwa kupitia tu: mwenye mafua asimkaribie.

Neno hilo dogo Fundi alilipanua mwenyewe, kama anavyoachia pindo gauni la mtoto anayekua. Askari ni wale wale, aliwaza. Mafua yakiingia watayakimbilia mafua, na uvimbe utabaki bila wa kuupiga. Basi asiingie mtu, awe na mafua au asiwe nayo. Akafunga mlango. Na mume ambaye duka lake la kunyolea lilikuwa bunge, ambamo habari ya mimba ilifika kabla mwenye mimba hajaijua, akabaki kuongea na dari.

Asubuhi hii alikwenda peke yake kusikiliza majibu, maana Kinyozi hakuweza tena kukaa kwenye benchi. Daktari alimwonyesha kwenye kompyuta picha ya kipande kilichokatwa pafuni: vidoa vya buluu vimejazana ukingoni, katikati hamna kitu.

"Hawa ndio askari, mama. Wapo, tena wengi. Lakini hawakuingia, na dawa haikuwasaidia kuingia. Uvimbe umekua. Sasa tunazungumzia miezi, na ni michache."

"Mimi nililinda vibaya?"

"Hapana. Uvimbe wenyewe ndio unaowazuia. Si kosa la mtu yeyote." Daktari akamtazama. "Kwani ulikuwa unamlinda na nani?"

"Na watu," Fundi alijibu. Daktari akavua miwani na kuishika tu mkononi.

Sasa kikohozi kilisikika kutoka chumbani, kisha sauti nyembamba: "Mke wangu, nani huyo anayegomba?"

Fundi aliuacha mlango ulivyo na kuingia ndani. Kinyozi alikuwa ameegemea mito, mashavu yamebonyea. "Umeniletea nini?"

Uongo wote aliokuwa ameushona njiani ukafumuka. "Askari hawakuingia."

"Wako wapi?"

"Pembeni. Wamesimama tu."

"Askari gani hao," Kinyozi akasema, "hata hodi hawajui kupiga?" Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakataa kwisha. Fundi akamshika mgongo. Mifupa ilikuwa karibu mno na kiganja.

"Nilikunyima watu bure," alisema. "Nilidhani…"

"Najua ulidhani nini. Ungeniuliza." Kinyozi alifumba macho. "Kila jioni nawasikia wakipita. Wakifika dirishani kwangu wanashusha sauti. Hiyo iliniuma kuliko pafu."

"Nisamehe, baba."

Nje, Mama Pacha alianza upya, safari hii akimgombeza mumewe kwa kukosa ujasiri.

"Yule ana sauti ya kumwamsha maiti," Kinyozi alisema hatimaye. "Mfungulie kabla sijawa hiyo maiti."

Fundi alirudi mlangoni. Mama Pacha alikwishafungua mdomo na tusi jipya, akamwona uso, tusi likafia ulimini. Dereva akavua kofia. Hakuna aliyeuliza, na Fundi alishukuru. Alimshika Mama Pacha mkono, akamvuta ndani.

"Dereva, sogeza kiti hadi kitandani kwake, sauti yake imepungua. Mchekesheni, lakini polepole. Nawe shoga, sahani zilipo unapajua. Nilipika alfajiri kabla sijaenda hospitali, na sijawahi kujua kupika cha wawili. Ingieni. Ingieni wote, tule."