Robota Lenye Joto

Tulipofika kwa mteja wetu mwenye farasi, nilichomeka mkono katikati ya robota la nyasi kavu, nikakuta joto kama la mkate uliotoka tanurini. Shemeji, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa amezifunga kabla hazijakauka. Nyasi kama hizo huota ukungu ndani, na farasi akizila huumwa tumbo hata kufa.

"Shemeji, hizi bado mbichi."

"Wewe shusha tu. Au umechoka kulala kwangu?"

Mimi na wanangu tunaishi kwake, chumba cha uani.

Mwenye farasi akatoka bandani akicheka. "Mama Nyasi! Wewe ukisema nzuri, mimi hata sikagui. Za leo vipi?"

Shemeji akanikazia macho. Nikamwomba Mungu anipe neno la kutuokoa sote. Alinipa moja tu, la kweli.

"Zina joto, baba. Usimpe mnyama."

Shemeji akarudisha garini marobota tuliyokwisha kushusha. Alipomaliza akanifungulia mlango wa gari, kwa adabu ambayo sijawahi kuiona kwake.

"Ingia, shemeji. Twende nyumbani."

Nikaingia. Wanangu walikuwa huko, kwake.