Mtu Yeyote Anaweza Kusimamisha

Hakuna mwanamume katika klabu yetu ya kulenga shabaha aliyetaka kumfundisha Lorna Teague kupiga bastola, kwa sababu mtu aliyekuwa anamwogopa alikuwa mwanachama mwenzetu. Mtu huyo ni Clete Barlow. Ni jirani wa Lorna, uzio kwa uzio, na ni kaka wa mke wangu.

Mwezi wa Machi Clete alimpiga risasi mbwa wa Lorna. Alisema mbwa alikuwa anafukuza ndama. Lorna alisema mbwa alikuwa amelala barazani kwake, na damu kweli ilikuwa barazani, si malishoni. Naibu wa sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, alikuja, akaandika alichoandika, akanywa kahawa kwa Clete, akaondoka. Kesho yake Clete alisimama kwenye uzio akamwambia Lorna, "Huyo ni wa kwanza." Basi, hayo tu. Lorna anaishi peke yake, na sherifu akiwahi sana kutoka mjini ni nusu saa.

Huku kwetu Missouri hakuna anayekulazimisha kujifunza. Unaingia dukani, unaonyesha kitambulisho, wanapiga simu kuulizia kama una kesi, unatoka na bastola yako. Lorna hakutaka hivyo. Alikuja klabuni Jumamosi moja, bado amevaa buti za mpira za kiwanda cha kuku anakofanya kazi, akasema mbele ya watu wote kuwa anataka afundishwe kwanza ndipo anunue.

Wanaume walicheka kama wameambiwa mtu anataka kwenda shule kujifunza kula.

"Mama, hiyo si gari," akasema Dub Harnish, mwenyekiti wetu, ambaye ndiye mwenye duka la bunduki mjini. "Haihitaji leseni. Njoo dukani nikupe kale kadogo ka pinki. Kanaingia kwenye pochi."

"Nikishakanunua nikafanyie nini? Nipige nako picha?"

"Utajifunza taratibu."

"Kwa nani? Kwa jirani yangu?"

Clete alikuwa pale pale, anakula mkate wake wa nyama. Alicheka na wenzake, mdomo umejaa.

Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa uwanja wa shabaha. Kanuni za klabu zinasema masomo ni kwa yeyote anayelipa, awe mwanachama au asiwe, na mwalimu ni msimamizi. Sikumpenda huyo mama. Anaongea kama mtu aliyekuja kudai. Lakini kanuni ni kanuni, nikamwambia aje Jumamosi inayofuata saa mbili asubuhi, masomo ni sita, asichelewe.

Clete alinifuata mpaka kwenye gari langu.

"Shemeji, unajua huyo mwanamke anataka nini?"

"Anataka kujifunza."

"Anataka kujifunza kuniua mimi. Na wewe Hollis ndiye utakayemshika mkono."

"Basi usiende barazani kwake."

Alipiga boneti ya gari kwa kiganja. Nilipofika nyumbani mke wangu Verna alikuwa ameshapigiwa simu. Alikuwa amesimama jikoni na kijiko mkononi. "Ndugu yangu na yule mwanamke," akasema, "wewe unamchagua yule mwanamke?" Nikamwambia simchagui mtu. Siku hiyo nilijipakulia chakula mwenyewe.

Somo la kwanza Lorna hakupiga risasi hata moja. Nilimpa bastola tupu ya mazoezi nikamfundisha kuikamata, kuifungua, kuhakikisha haina kitu, na kuelekeza mtutu kwenye kilima cha udongo kilicho nyuma ya shabaha.

"Kidole nje ya kifyatulio," nikasema.

"Kiko nje."

"Kimerudi."

"Hakijarudi."

"Nakiona, mama. Macho ninayo."

Alitazama. Kilikuwa kimerudi. Akatukana, si mimi, kidole chake. Kiwandani anakata mapaja ya kuku siku nzima, na vidole vyake vimezoea kujikunja vyenyewe. Tulirudia mpaka akachoka kunichukia.

Aliniuliza kuhusu kale ka pinki. Nikamwambia ukweli, kwamba wanaume huwauzia wanawake bastola ndogo nyepesi kwa kuwa inaonekana ya kike, na ile ndogo nyepesi ndiyo inayopiga teke kuliko zote. Inamuumiza mwenyewe mkono, anaiogopa, anaitupa kabatini, na siku akiihitaji haimsaidii. Anunue ya wastani, nzito kidogo, ijae kiganjani.

"Kwa nini Dub hakuniambia hivyo?"

"Dub anauza."

Pale uwanjani kuna ubao mwekundu, na sheria ya kwanza imeandikwa kwa herufi kubwa kuliko zingine: MTU YEYOTE ANAWEZA KUSIMAMISHA. Maana yake ni kwamba ukiona hatari unapaza sauti, "Simamisha!" na kila mtu anaacha kupiga papo hapo, anaweka silaha mezani, anarudi nyuma. Hakuna kuuliza kwanza. Utauliza baadaye.

"Hata mimi?" akauliza Lorna.

"Imeandikwa yeyote."

"Ninyi mnafuata mnachoandika?"

Nikaendelea kumfundisha mambo ya kuangalia: mtu amegeuza mtutu, mtu ametangulia mbele ya mstari, na ile ambayo wageni hawaijui, risasi kukohoa. Ikikosa baruti ya kutosha hailii, inakohoa tu, na kipande cha risasi kinakwama ndani ya mtutu. Ukipiga nyingine nyuma yake, bastola inapasuka mkononi mwako. Nimeona mkono wa namna hiyo mara moja. Sitaki kuuona tena.

Jumamosi ya pili alianza kupiga, na Clete alianza kuja. Alichukua meza iliyo jirani na ya Lorna ingawa zingine zote zilikuwa tupu. Alileta ile bastola yake kubwa ya silinda ya risasi inayozunguka. Akipiga, vumbi linatoka kwenye paa, na Lorna anaruka. Hilo ndilo alilolitaka. Akimaliza silinda anabweka.

"Hau! Hau!"

Na wenzake nyuma, wamekaa kwenye viti vyao vya kukunja, wanashika mbavu.

"Clete, vizibo vya masikio havizuii kubweka," akasema mmoja.

"Huyo si mbwa, huyo ni mzimu wa mbwa," akasema mwingine, wakaangua kicheko tena.

Nilimwambia Clete aache. Akasema hakuna sheria inayokataza kubweka, nionyeshe iko ubao gani. Lorna alijaza risasi kwenye magazini yake taratibu, akapiga, risasi zote zikaenda chini kushoto. Nikamwambia anapiga kwa hasira. Akasema hana kitu kingine cha kupigia.

Jumamosi ya tatu ndipo mambo yalipoharibika.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu Clete. Hanunui risasi. Anajaza mwenyewe maganda yaliyokwisha kupigwa, gereji kwake. Anapima baruti, anapanga maganda kama mayai, na ana majivuno na kazi hiyo kuliko alivyo na majivuno na watoto wake. Ukimwambia risasi zake ni mbovu ni bora ungetukana mama yake.

Siku hiyo alikuwa anapiga na kuongea kwa wakati mmoja, anawageukia wenzake kuwachekesha. Alipiga moja, ikalia. Ya pili ikalia. Ya tatu ikafanya tu *pop*, kama kizibo cha chupa. Mimi nilikuwa nimeinama naokota magazini ya Lorna iliyoanguka. Niliisikia lakini kichwa hakikuishika. Clete aliangalia shabaha yake, akasema, "Nimekosa," akainua mkono tena.

"Simamisha!"

Ilikuwa sauti ya Lorna. Sauti kubwa, imepasuka katikati.

Wengine wote waliweka silaha chini, kwa mazoea. Clete hakuweka. Aligeuza kichwa tu.

"Nani amesema?"

"Mimi. Hiyo imekohoa."

"Imekohoa? Ipeni dawa basi!" Akacheka, na viti vya kukunja vikacheka naye. "Mama, mimi najaza risasi tangu wewe hujaota meno. Sheria hiyo ni ya wanachama."

"Ubao hausemi hivyo," nikasema. "Weka chini, Clete."

"Shemeji, wewe umeanza lini kusoma?"

"Shule niliachia njiani, ndiyo. Ubao naweza. Weka chini."

Alinitazama, akamtazama Lorna, kisha akainyoosha bastola kwenye kilima ili atuonyeshe. Niliruka nikaikamata silinda kwa kiganja changu chote, nikaibana. Silinda isipozunguka, bastola ya aina hiyo haipigi. Alivuta kifyatulio. Nilihisi silinda inasukuma kwenye ngozi yangu. Nikabana. Tulisimama hivyo, pua kwa pua, mimi na kaka wa mke wangu, mpaka Dub alipokuja akasema, "Hebu iacheni, jamani, iacheni."

Nikaifungua, nikatoa risasi zote. Nikachukua fimbo ya shaba ya kusafishia nikaiingiza kwa mbele ya mtutu. Iliingia nusu, ikagonga, ikasimama. Niliigonga mara mbili kila mtu asikie. Kisha nikampa Dub aigonge mwenyewe.

Halafu yule yule aliyesema habari za mzimu akasema, "Clete, baruti umeiweka wapi, kwenye kahawa?" Na safari hii walimcheka yeye.

Kama wangenyamaza, labda yangeishia hapo. Lakini walicheka, na Lorna alikuwepo anaona. Uso wa Clete ukawa mwekundu mpaka shingoni. Akamnyooshea Lorna kidole.

"Alikuwa ananitazama," akasema. "Mnaelewa? Ana bastola mezani, na badala ya kutazama shabaha yake ananitazama mimi. Wiki ya pili hii ananitazama."

"Nilikuwa nasikiliza," akasema Lorna.

"Mmesikia? Ananisikiliza!"

Alichukua bastola yake na mtutu ulioziba, akaondoka. Hakuna aliyemshukuru huyo mama. Na mimi pia, sikumshukuru. Nilimsindikiza hadi kwenye gari lake kwa sababu niliona funguo zinamshinda.

"Ungenyamaza tu," nikamwambia. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

"Nilinyamaza," akasema. "Ilipokohoa nilijua. Nilimwona anainua mkono, nikanyamaza kidogo. Hukuona nilivyochelewa?"

"Sikuona."

"Basi usije ukamwambia mtu kuwa mimi ni mwema." Akafunga mlango.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, Dub aliita mkutano kwenye ukumbi wa klabu. Lorna hakuruhusiwa kuingia kwa kuwa si mwanachama. Clete alisimama akasema mbele ya watu kwamba yule mwanamke ana kisasi naye, kwamba klabu inamfundisha adui yake, na kwamba mgeni aliyepewa mamlaka ya kupiga kelele nyuma ya mtu mwenye silaha atasababisha maafa. Nilisimama nikaeleza nilichokiona. Nikasema kwamba bila zile kelele leo tungekuwa tunamchangia hospitali.

"Hollis, hakuna anayebishia ile risasi," akasema Dub. "Ilikwama, sawa. Sisi tunazungumzia usalama."

"Usalama upi tena?"

"Kaa chini, Hollis."

Walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Kura ya kwanza, Lorna Teague asikanyage tena uwanjani. Kura ya pili, neno "mtu" litolewe ubaoni, liandikwe "mwanachama". Kura ya tatu ilikuwa yangu. Nilimwekea Dub ufunguo wa geti la uwanja mezani, nikaacha usimamizi, kabla hawajamaliza kuhesabu.

Nilitaka kummalizia Lorna masomo kwenye malisho ya nyuma ya nyumba yangu. Verna akasema ardhi ile aliachiwa na baba yake, na baba yake alikuwa Barlow, na siku huyo mwanamke akiikanyaga mimi nitafute pengine pa kulala. Hakupiga kelele. Alikuwa anakunja taulo.

Mwezi wa Julai nilikutana na Lorna kwenye kituo cha mafuta. Nilimuuliza kama amenunua. Akasema amenunua, kaunti ya pili, ya wastani, inajaa kiganjani, kama nilivyosema. Nikamuuliza ameipiga wapi.

"Sijaipiga. Nitaipigia wapi? Ninyi ndio wenye kilima."

"Uzio je?"

"Bado anasimama pale jioni. Anabweka." Akarudisha mpira wa mafuta mahali pake. "Iko kwenye droo ya jikoni, Hollis, pamoja na vijiko. Ile ya kuitoa haraka na ile ya gizani hukunifundisha."

"Zilikuwa somo la tano na la sita."

"Najua zilikuwa la ngapi."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mimi nilipoteza ufunguo wa geti na Jumamosi zangu, na Novemba, siku ya Shukrani, sikukuu ambayo huku familia hula pamoja, Verna alikwenda kula kwa kaka yake nami nikala maharage ya kopo nimesimama. Lorna alipoteza mbwa, na masomo matatu kati ya sita, yale matatu aliyoyahitaji zaidi. Ubao ulipoteza neno moja. Clete hakupoteza kitu. Siku ile ya kura nilimtazama alipoinua mkono. Ulikuwa mkono wa kulia, ule wa bastola, na vidole vyote vitano vilikuwepo.