Mabega ya Kyakimwa

Jumamosi, tarehe 13 ya mwezi wa kumi, mwaka 2007, saa nne za asubuhi, kwenye bariyeri ya miti miwili iliyofunga njia karibu na Itebero, mtu mwenye bunduki alimwambia Kyakimwa afungue vifungo vya juu vya blauzi yake aonyeshe mabega. Ndivyo walivyofanya kule msituni. Jina hawakuliuliza sana, kwa sababu jina linaweza kudanganya. Walitazama bega, maana mkanda wa bunduki huacha alama. Kyakimwa alifungua akitabasamu, mwanamke asiye na la kuficha. Kwenye kila bega palikuwa na mstari mweusi, ngozi imekomaa kama ya kisigino.

Mumbere, mume wake, hakuwako. Siku ile alikuwa kijijini kwao Mushaki akipakia viazi kwenye lori la tajiri mmoja wa Butembo, kazi aliyoifanya tangu ujana. Lakini mistari ile aliijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu mikanda iliyoichora aliishona yeye mwenyewe. Hilo ndilo lililomkaa rohoni miaka yote iliyofuata. Alitaka kujua kitu kimoja tu: Kyakimwa, bibi yake, aliuawa na mikanda ile, ao na wakubwa waliomtuma?

Zilikuwako siku nyingine kabla ya hiyo, na hizo Mumbere anazitunza kama mkulima anavyotunza mbegu, hataki hata panya azione.

Kyakimwa alipomzaa Lévi, mtoto wao wa nne, mwanzoni mwa mwaka 2006, alilelewa kama mzazi anavyopaswa kulelewa. Mama yake alitoka Butembo akakaa nao miezi miwili. Kitenge kilikazwa tumboni asubuhi na jioni. Uji wa mtama, maharagwe, maziwa ya Karuba, tena uji. Mzazi hakuruhusiwa kuinua hata kidumu cha maji. Bibi wa mwanaume anayejua kulisha huonekana shavuni, na Kyakimwa alionekana shavuni, shingoni, kiunoni, kote. Jumapili wakienda misa, Mumbere alitembea polepole kwa makusudi, watu wapate nafasi ya kutazama.

Mwisho wa mwaka ule risasi zikalia upande wa Sake, na Mushaki ikakimbia kama ilivyozoea kukimbia, godoro kichwani na mbuzi mkononi. Kwenye kilima cha kwenda Karuba, Kyakimwa akakaa chini na mtoto mgongoni. Pumzi ilikuwa imemwisha.

"Pita na watoto," akasema. "Mimi nitakuya."

"Utakuya na nani?"

"Pita, Papa Kétsia. Magoti imekataa."

Mumbere alimvuta mkono, akamsukuma mgongo, wakafika Karuba watu wote wakiwa wamekwisha kufika na wengine wamekwisha kupika. Kyakimwa alikaa mbele ya nyumba ya wenyeji wao, akajitazama miguu kwa muda mrefu. Kisha akasema neno ambalo Mumbere hajalisahau: "Hapa kwetu, muntu mwenye hawezi kukimbia ni marehemu mwenye anangojea tu siku yake."

Waliporudi Mushaki alikwenda moja kwa moja kwa Sista Emérita, mtawa aliyefundisha wasichana wa parokia mazoezi ya mwili. Sista alikuwa mwembamba, na filimbi shingoni karibu na msalaba. Mara mbili kwa wiki, jua likichomoza, aliwakusanya akina mama sita nyuma ya kanisa. Walivaa suruali za waume zao, juu yake kitenge, ili wapita njia wasipate la kusema. Walipata tu la kusema. Waliruka, waliinama, walipanda kilima na kushuka, na Kyakimwa siku za kwanza alirudi nyumbani akishika ukuta kama mtoto anayejifunza kutembea.

Baadaye Sista akaleta mizigo. Wanawake wa milima ya Masisi hubeba mgongoni, kamba ya ngoyi ikishikwa na paji la uso, na tangu usichana ngoyi huwachimbia mfereji juu ya nyusi. Sista hakuitaka.

"Ngoyi inavunja shingo," alisema. "Muzigo ikae ku mabega, kifua kipumue."

Basi Mumbere akachukua gunia tupu la viazi, akakata mpira wa ndani wa gurudumu la lori, akashona mikanda miwili mipana yenye mpira ndani. Alishona siku mbili, kwa sindano ya kushonea magunia. Kyakimwa alipoivaa na kilo ishirini za viazi mgongoni, alizunguka uwanja mara tatu, akarudi akasema, "Bwana yangu, kumbe uko fundi na ulikuwa unatuficha." Mumbere alijisikia kama amepewa cheo.

Miezi ikapita, nyama ikapungua, na maneno yakaongezeka. Mama Libérata, aliyeuza ndizi mbivu mbele ya duka, alimngoja mpaka wapakiaji wote wawe karibu.

"Papa Kétsia, ule bibi yako iko anakauka. Chakula yote unakula weye?"

Wapakiaji wakacheka mpaka gunia likawaponyoka. Mwanaume ambaye bibi yake anakonda, kwao, ni mvivu ao mchoyo, ao kuna ugonjwa nyumbani. Mumbere alirudi amenuna, akasema mazoezi yatoshe sasa.

Kyakimwa alikuwa akichambua maharagwe. Akaweka ungo chini.

"Libérata njo mwenye unalala naye ao ni mimi?"

"Watu wananicheka."

"Njoo hapa nyuma yangu. Shika mabega."

Kabla hajaelewa, miguu yake ilikuwa hewani. Kyakimwa alimbeba mgongoni, mwanaume mzima wa kupakia malori, akazunguka naye nyumba mara moja, mara mbili, watoto wakiwafuata wakipiga makofi, Kétsia, mkubwa wao, akihesabu. Mara ya tatu akampitisha barabarani mbele ya ndizi za Libérata na kumsalimu kwa heshima: "Mama Libérata, habari ya mchana. Niko nakauka." Hakuna aliyemcheka tena Mumbere, ao kama walicheka, kilikuwa kicheko cha namna nyingine, na hicho hakikumuuma. Hata leo akipita pale, mgongo wa Kyakimwa anausikia chini ya kifua chake, una joto, unapumua.

Tarehe 8 ya mwezi wa tatu, sikukuu ya wanawake, kamati ya michezo iliandaa shindano la akina mama wenye nguvu. Kulikuwa na kupanda kilima na gunia, kuinua gunia toka chini mpaka kifuani mara nyingi iwezekanavyo, na kuvuta kamba. Mumbere alimngoja juu ya kilima na kidumu cha maji. Kyakimwa alitokea wa kwanza, uso unang'aa, mikanda imekaa sawa mabegani. Mumbere akamnyooshea maji.

"Kunywa weye," akasema bila kusimama. "Uko unatoka jasho kunipita."

Walimpa kitenge na jembe. Mwezi wa sita akashinda tena Masisi kwenye makao makuu ya teritware, yaani wilaya yao, mbele ya wakubwa waliokaa chini ya hema. Akarudi akisema kwamba anapenda ile dakika kabla ya filimbi, watu wote wamenyamaza. "Hapa nyumbani kila saa mutu ananiita mama," alisema. "Pale wananiita jina yangu." Mumbere alikuwa akimwita Mama Kétsia tangu mtoto wa kwanza. Siku ile akaanza kumwita Kyakimwa, kwa haya kidogo, kama kijana anayechumbia.

Kisha akaja Faustin, mkubwa wa kamati, na viatu visivyojua tope. Alisema kwamba akina mama watatu wa Masisi watakwenda Itebero kushindana na akina mama wa Walikale. Ni michezo ya amani, alisema, na wageni watapiga picha. Mwanamke mwenye bwana alihitaji ruhusa ya bwana, kwa hiyo Mumbere aliwekewa karatasi mezani. Kusoma kwake kulikuwa kwa shida, ila jina lake alijua kuliandika vizuri.

"Na njia?" akauliza kabla ya kushika kalamu.

"Papa, njia iko wazi. Wakubwa wa pande zote wanajua. Watapanda ndege mupaka Walikale, na kule piki tatu zitawangojea."

Kyakimwa alikuwa mlangoni na Lévi kiunoni. Alimtazama, na macho yake yalikuwa ya ile dakika kabla ya filimbi. Mumbere akaandika jina.

Alimsindikiza mpaka Sake. Walikula mahindi ya kuchoma wakingojea gari la Goma, na maneno yao yalikuwa ya kawaida, kwamba Lévi asipewe maziwa baridi, kwamba bati la jikoni linavuja. Gari lilipokuja akamtupia Mumbere gunzi lake la hindi kifuani, akapanda.

Siku tisa baada ya Jumamosi ile, Vestine akafika Mushaki. Alikuwa mkulima wa Karuba, mmoja wa wale watatu. Hakukubali kiti. Alisimama na kueleza yote mara moja, kama mtu anayeogopa kusahau.

Kule Walikale walikuta pikipiki moja, siyo tatu. Faustin aliipanda na mfuko wake, akasema anatangulia kupanga mambo. Wao walitembea siku nzima na asubuhi ya pili. Kwenye bariyeri, mtu alipitisha kidole kwenye mfereji wa ngoyi juu ya nyusi za Vestine, akasema, "Huyu ni wa muzigo, apite." Mwenzao wa tatu, alama ile ile, akapita. Kyakimwa, aliyekulia Butembo bila ngoyi, paji lake lilikuwa laini, na mabega yalikuwa na mistari.

"Akasema: niko wa michezo," Vestine alieleza. "Wakamucheka. Wakasema: michezo gani ku vita? Leta karatasi. Tukasema karatasi yetu yote iko mbele, kwa mufuko ya mukubwa. Wakamupeleka nyuma ya miti. Sisi wakatufukuza na matako ya bunduki."

Neno la mwisho lilitoka kwa padri wa kule: alipigwa risasi siku ile ile, na Wakristo wa Itebero wakamzika kando ya njia.

Mumbere aliichoma mikanda ambayo Kyakimwa aliiacha nyumbani, jozi ya pili aliyokuwa amemshonea. Moshi wa mpira ulikaa ndani ya nyumba siku tatu. Baadaye alijuta, kwa kuwa mikanda ile ilikuwa na umbo la mgongo wake.

Ndipo akaenda ofisini kwa Faustin. Faustin alisimama, akampa pole, akafungua kabati na kutoa bahasha. Ndani yake zilikuwa karatasi tatu za safari, zimepigwa mihuri yote, hakuna iliyokosa hata mmoja. Kwenye moja ilikuwako picha ya Kyakimwa, na chini yake imeandikwa: mshindani.

"Papa, chukua, uchunge kama kumbukumbu."

"Karatasi hii ilifika Itebero?"

"Ilifika. Ni vita, Papa. Vita haichague."

"Vita haikupanda piki."

Faustin akatazama saa yake, akasema kama kuna malalamiko yaandikwe kwa barua. Mumbere akamkalisha Kétsia mezani, yeye akasema, mtoto akaandika. Barua ya kwanza ilikwenda kwa kamati. Ya pili ikaenda kwa teritware, ya tatu kwa wakubwa wa Goma. Faustin amekwisha kupandishwa cheo, Kétsia amekwisha kuwa mama naye, na kila mwaka Mumbere anamkalisha tena aandike barua mpya. Maneno ya pole yeye na Kétsia wameyaondoa, mistari mirefu wameifuta. Siku hizi barua ina jina la Kyakimwa, tarehe, na swali moja tu: sababu gani karatasi ya bibi yangu ilipanda piki, na bibi yangu akatembea na miguu?