Shahidi Aliyeingia kwa Sikio la Marthe

Marthe alikuwa akigeuza mihogo iliyoanikwa juu ya mwamba nyuma ya nyumba yao, pale Baraka kando ya ziwa, malaika alipomwingia kwa sikio la kushoto. Hakuumia. Alisikia baridi tu, kama mtu aliyeoga ziwani na maji yakabaki sikioni, akainamisha kichwa na kuruka kwa mguu mmoja ili yatoke. Hayakutoka. Akamaliza kugeuza mihogo, akafukuza kuku, akaingia ndani kuwasha moto.

Malaika huyo hakuwa mgeni. Alikuwa ameanguka katika mvua kubwa za mwaka ule wa hamsini na nne, kwenye mchanga kati ya maegesho ya mitumbwi na ghala la pamba, na pale alipoanguka ndipo alipobaki. Koo lake lilivunjika katika kuanguka, kwa hiyo hakusema neno. Bamama waliokuja kufua walimwomba asogeze bawa, naye akasogeza. Wavuvi wa Ubwari, ng'ambo ya maji, waliegesha wakimzunguka. Isidore, mume wa Marthe, ambaye alikuwa kapita, msimamizi wa wakulima wa pamba, alimgawia shamba kama alivyomgawia kila mwanamume asiye na kazi, na malaika asipokwenda kulima, Isidore alimtukana mbele ya watu kisha akamwacha. Hakukuwa na mgongo wa kuchapa. Pale penye mgongo palikuwa na mabawa.

Mkulima aliyeitwa Eugène hakuwa na kinga hiyo. Alikuwa amepanda milimani kumzika mama yake, na aliporudi aliwakuta wenzake wamekwisha kung'oa miti ya pamba ya msimu uliopita na kuichoma, ya kwake bado imesimama, kinyume cha amri. Isidore alimwita nyuma ya ghala, kando ya maji, wazungumze. Jioni ile Isidore alirudi nyumbani shati limelowa hadi mabegani, akalivua, akalitupa sakafuni, akaomba chakula. Marthe alilifua. Kwenye mkono wa shati palikuwa na damu kidogo na alama za kucha. Alisugua kwa majivu mpaka kukawa safi, akalianika. Hakuuliza. Katika nyumba ile maswali yalitoka upande mmoja tu.

Kesho yake Ramazani, mvuvi wa Ubwari, aliukuta mwili wa Eugène ukielea. Aliupakia katika mtumbwi wake, akaufunika kwa shuka yake mwenyewe, akauleta Baraka. Askari walimwuliza amemtoa wapi mtu huyo. Akasema, majini. Wakamfunga kamba, kwa sababu kati ya watu wote wa Baraka na Ubwari yeye peke yake ndiye aliyeonekana akiwa na maiti.

Hayo yote malaika aliyaona kutoka pale alipolala.

Basi jioni ile ya mihogo Marthe alimwekea mume wake bugali na ndagala, vile visamaki vya ziwani. Alifungua kinywa amwambie maji ya kunawa haya hapa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume, nzito, kama ya mtu anayesemea ndani ya pipa.

"Ulimushika shingo na mukono wa kushoto," ilisema. "Ule wa kuume ulikuwa unashika kofia yako, isianguke mu maji."

Isidore aligeuka, akatazama nje. Kule mchangani malaika hakuwapo. Palikuwa na shimo lenye umbo lake, na mbuzi amelala ndani.

"We njo ule wa ku mchanga?"

"Njo mi," sauti ikakubali.

"Toka mu muke wangu."

"Nitatoka nikisha kusema. Kule juu kulikuwa vita, kila mumoja akaitwa aseme iko upande gani. Mi nikanyamaza. Njo maana balinitupa. Sasa sitaki kunyamaza tena."

Isidore akanawa mikono, akamega bugali. Alimaliza sahani yote, akalala mapema.

Marthe hakumwogopa mgeni wake. Mabawa yalijikunja chini ya mbavu zake, kwa hiyo alilazimika kulala ameketi, na alipokohoa alitoa manyoya madogo yenye harufu ya mahindi yaliyoungua. Zaidi ya hapo hakusumbuliwa. Kulikuwa hata na raha fulani. Neno alilokuwa amelimeza tangu siku ya shati sasa lilikuwa na mtu wa kulisema, na yeye alikuwa mlango tu. Sauti ilisema sokoni, ikasema kisimani, ikasema kanisani wakati wa kuinua ekaristi. Watu walisikiliza mpaka mwisho, wakaendelea na walichokuwa wakifanya. Hakuna aliyemwambia Marthe kwamba ni uongo. Wengine walimwambia pole kwa mzigo.

Habari ilipofika Fizi, bwana mkubwa wa teritwari, yule Mzungu aliyetawala wilaya, aliamuru wote waletwe. Walipanda kwa lori la pamba: Isidore mbele na dereva, nyuma Ramazani na kamba zake, Marthe na malaika wake. Njiani Ramazani alimwuliza malaika kama alimwona anakuta mwili. Malaika akasema ndiyo, alimwona, na alimwona pia akilia. Ramazani akashukuru. Safari iliyobaki alikuwa mtu mchangamfu.

Kesi ilisikilizwa kwenye veranda ya ofisi, Bonaventure, karani wa ofisi, akitafsiri. Malaika alieleza kila kitu kwa utaratibu. Bwana mkubwa alisikiliza vizuri, akamgeukia padri Henri, aliyekuwa ameitwa kwa ajili ya utaalamu.

"Huyu ni nani hasa?"

"Malaika aliyeanguka," padri alijibu. "Nimesoma habari zao. Hakuna shaka."

"Na wanasema kweli?"

"Aliyeanguka ni mwana wa baba wa uongo, hasemi kweli kamwe. Mafundisho hayana utata."

Bwana mkubwa alifurahi kupata jambo lisilo na utata. Alisema kama shahidi anadanganya siku zote, basi ni shahidi mzuri, maana inatosha kumgeuza. Akisema Isidore aliua, Isidore hakuua. Akisema Ramazani hakuua, Ramazani aliua.

Bonaventure alipomaliza kutafsiri, Ramazani alisogea mbele na kamba zake. Kisha akapiga magoti mbele ya Marthe.

"Baba," alimwambia aliye ndani, "sema mi njo niliua. Nakuomba. Sema tu."

Marthe alisikia mabawa yakitikisika chini ya mbavu zake, yakimchoma. Alimsukuma kwa ndani, kama mama anavyosukuma mtoto azaliwe. Sema, alimwambia moyoni. Neno moja tu.

"Siwezi," sauti ilisema. "Uongo sina. Sikupewa. Ramazani hakuua mutu."

Bonaventure akatafsiri. Ramazani akabaki magotini, uso chini.

Padri Henri alimtoa malaika pale pale kwa Kilatini na maji ya baraka. Alitoka kwa sikio lile lile, taratibu, bawa moja kisha jingine, akapanda juu ya bati akaketi. Alikuwa mkubwa na amelowa, na maji yalimchuruzika mpaka yakaanza kudondoka kwenye meza. Bwana mkubwa akasogeza kiti.

Ndipo Marthe aliposimama. Sauti yake ilikuwa nyembamba, alikuwa ameisahau.

"Bwana mukubwa, hii ni mi mwenyewe," alisema. "Lile shati nililifua mi. Lilikuwa na damu na alama ya kucha za Eugène. Ni mume yangu aliua."

Watu wote wakatazama juu. Malaika alikuwa pale pale, akikamua bawa. Padri naye alimtazama.

"Mara nyingi wanakuwa wengi," akasema. "Huyu mama anaye mwingine."

Mwingine huyo alikataa kutoka, ingawa padri alisali hadi sauti ikamkauka. Bwana mkubwa aliona si vizuri kutoa hukumu nzito kwa kugeuza maneno ya pepo peke yake. Akasema Ramazani angoje gerezani mpaka apatikane shahidi mwenye akili timamu. Isidore alirudi kwenye pamba. Marthe alipelekwa kwa kaka yake, katika kijiji cha Kazimia, mpaka atakapopona.

Kule Kazimia watu walikuwa wema. Walimsalimu kwa wingi, "Hamujambo," kwa heshima ya yule wa ndani. Ila kila alichosema walikigeuza. Akisema mvua inakuja, walianika ndagala. Mvua ikanyesha, ndagala wakaoza, na hakuna aliyemkasirikia. Walisema yule pepo ni mjanja, siku nyingine anadanganya kwa kusema kweli.

Siku moja ukaja mtumbwi kutoka Ubwari, akashuka Latifa, mke wa Ramazani. Alikuwa mwanamke mrefu, amekonda. Hakukaa kwenye kiti alichopewa, akakaa chini karibu na Marthe.

"Dada," alisema, "ule wa ku bati hakuweza. Lakini we ni mutu. Mutu anaweza."

"Naweza nini?"

"Kusema uongo. Enda useme Ramazani njo aliua. Batageuza, batamufungua."

Marthe alimtazama Latifa mikono, imekauka kwa chumvi ya samaki. Alifikiri juu ya shati. Akaenda kutafuta kitambaa chake cha kichwa.

Walivuka mpaka Baraka, wakapanda kwa miguu hadi Fizi, wakilala njiani kwa watu. Latifa alibaki chini ya ngazi za ofisi. Malaika alikuwa bado juu ya bati. Maji hayakuwa yameacha kumtoka, na wake wa askari walikuwa wamepanga ndoo chini ya ukingo, kwa kuwa kiangazi kilikuwa kimekausha kisima. Alipomwona Marthe aliinua bawa kidogo, kama mtu anayetaka kumzuia mwenzake asivuke mto, lakini koo lilikuwa limevunjika.

Marthe alisema mbele ya bwana mkubwa na padri, kwa sauti wazi, jinsi alivyokuwa akijizoeza njiani: "Ramazani njo aliua Eugène. Siku ile mume yangu alikuwa ku nyumba. Shati yake ilikuwa kavu."

Padri Henri alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi.

"Amepona," alisema.

Bwana mkubwa alisimama akampa Marthe mkono. Akamwambia Bonaventure aandike kwamba mke wa kapita, akiwa na akili timamu, ametoa ushahidi. Ramazani angefungwa maisha, kule mbali Katanga.

"Bwana, nimesema uongo," Marthe alisema.

Padri akachovya vidole tena katika maji ya baraka. Bwana mkubwa akamzuia kwa upole, akisema mgonjwa anayetoka kupona huchoka upesi, apelekwe akapumzike. Marthe alisema tena. Alisema akiwa mlangoni, akasema kwenye ngazi, askari wakimshika viwiko kwa adabu. Chini ya ngazi Latifa alikuwa amesikia yote. Hakumlaani. Alifunga khanga yake vizuri, akashika njia ya ziwani peke yake.

Ramazani alipakiwa kwenye lori siku ya soko, na kando ya ziwa hakuna aliyemwona tena. Isidore alikuja na baiskeli mpya kumchukua mke wake, akampakia nyuma, na watu wa Baraka walitoka kumpigia vigelegele. Mwaka uliofuata Isidore akawa mkubwa wa makapita wote mpaka Kazimia. Malaika alibaki Fizi juu ya bati. Kisima kilipojaa tena, wanawake waliendelea kuchota kwake, wakisema maharagwe huiva upesi kwa maji yale.

Marthe alirudishiwa komunyo wakati wa Pasaka. Kabla ya kumpa, padri Henri alimwuliza, kwa wajibu wake, kama bado anasikia mtu yeyote ndani. Marthe hakutaka kujibu ovyo mbele ya altare. Alifumba macho akatafuta kila mahali, chini ya mbavu, kooni, moyoni, kisha akajibu kwamba hamna mtu.