Mtu wa Kumi

"Si mmoja, si wawili, si watatu…" Asubuhi ile ya Jumatatu Hananya, mwongoza sala wetu, aliwahesabu wanaume waliokuwa sebuleni mwangu kwa namna yetu Wayahudi ya kukana kila hesabu, maana binadamu hahesabiwi kama mbuzi. Alipofika "si tisa" akatazama mlangoni. Mlango ulikuwa wazi, na hakuna aliyeingia.

Mume wangu Amram alikuwa miongoni mwa hao tisa, kakalia kigoda cha wafiwa, shati limechanwa kifuani kwa desturi ya msiba. Ilikuwa siku ya nne ya matanga ya Avinoam, mwanetu wa pekee, aliyetekwa akiwa hai na kurudishwa ndani ya jeneza. Bila wanaume kumi hakuna Kadishi, sala ya wafiwa, na bila Kadishi baba hana la kumsomea mwanawe. Wageni wa mazishi walishaondoka, na kijiji chetu cha mpakani ni nusu magofu. Waliorudi kukaa ni wachache. Lakini huyo wa kumi tulikuwa naye. Mimi ndiye niliyemfukuza.

Jana yake Asael, mwana wa jirani yangu Geula, alikuwa amerudi nyumbani. Alitekwa siku moja na Avinoam, wakafungiwa handaki moja. Yeye akatoka kwa miguu yake. Watu walimwandalia ngoma, na kuskusi ya kulisha jeshi zima. Hananya akapiga marufuku, eti kwa heshima yetu sisi wafiwa, na kijana akaingizwa kwa geti la nyuma kama mwizi wa kuku. Niliposikia nilichukia, tena nilichukia kwa haki, lakini moyoni nikasema: afadhali.

Alasiri akaja kutupa pole. Kwetu anayekuja matangani hafungui kinywa mpaka mfiwa aseme kwanza. Amram alikuwa kajilaza chumbani, hajiwezi; wa kusema nilikuwa mimi, na sikusema. Saa nzima kijana alikaa mbele yangu, mifupa mitupu, macho sakafuni, nami nimeishika sheria yetu kama rungu. Kila nilipomtazama niliona mahali ambapo mwanangu angekaa. Mwishowe akainuka, akaenda zake.

Sasa Hananya akasema taratibu kwamba Mungu anaelewa, tusali tu, Kadishi tuiache. Mungu anaelewa! Mimi sikuelewa. Nikasimama.

"Mfiwa hatoki nyumbani, Zohara," Hananya akanionya.

"Nifunge kamba basi."

Nikatoka na ndara zangu za kitambaa, blauzi imechanika, jua likinipiga usoni kwa mara ya kwanza tangu makaburini. Geula aliponifungulia mlango aliziba mdomo kwa kiganja. Asael alikuwa jikoni, mbele ya yai ambalo hakuligusa.

"Inuka twende," nikamwambia. "Tumepungukiwa mtu mmoja."

"Shangazi, jana hukutaka hata kuniona."

"Sikutaka. Hata leo ni kazi. Inuka."

Hakuinuka. Akasema leo ni siku ya kusoma Torati, na Hananya angemwita mbele ya gombo atoe shukrani ya aliyeokoka. Dua yenyewe humhimidi Mungu anayewatendea mema wenye hatia. Angeitamkaje mbele ya Amram?

"Nilikula mkate wake, shangazi. Alipougua alikuwa ananipa fungu lake. Mimi nikala."

Nikashika meza. Geula alikuwa akilia nyuma yangu. Mimi, Mungu anisamehe, nilijawa na fahari. Miaka miwili walimweka gizani mwanangu, na hawakuweza kumfanya mchoyo.

"Ungeutupa ndipo ningekulaani," nikasema. "Sikiliza, Asael. Waliowafungia chini walitaka mnyamaze. Jana mimi nilikunyamazisha, nikawafanyia kazi yao. Sirudii tena. Utakuja, utasema, na utasema kwa sauti."

Akaja, na Geula akatufuata. Alipoitwa mbele ya gombo alianza vizuri, lakini kwenye "wenye hatia" sauti ikamkatika. Wanaume wakainamisha macho. Hananya akanyoosha mkono alifunike gombo.

"Mwache," nikasema kutoka kwenye kigoda changu. "Maliza, mwanangu."

Akamaliza. Nasi tukamjibu kama inavyopasa: aliyekutendea mema na akutendee mema yote, milele. Hananya alinigeukia, nadhani kuniomba nitulie. Nikapiga kigelegele. Ndani ya nyumba ya matanga, vioo vimefunikwa, nikapiga kigelegele mpaka koo likaniuma. Geula akasita, kisha akadakia, na nje mlangoni wanawake waliokuwa wameleta chakula wakapokea. Barabara nzima ikajua kwamba Asael amerudi.

Amram alikuwa amejifunika uso kwa mikono. Tulipotulia akanyanyuka polepole, akasimama wima, akaanza Kadishi ya mwanetu. Wanaume wakaitikia amina. Aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote ni yule wa kumi.