Ukurasa wa Vipimo

Hebu niambie, wewe ukienda kwa fundi kupimwa nguo, huwa unabana tumbo au unaliachia? Usinionee haya. Nimeshona nguo za wanawake miaka arobaini na moja, na wanaobana ni wengi kuliko wanaoachia. Nilikuwa nawaacha wabane. Naanza kuwauliza habari za watoto, wanajisahau, tumbo linarudi mahali pake, ndipo navuta futi.

Miaka saba ya mwanzo vipimo vyote viliingia kwenye kitabu kimoja kikubwa chenye jalada gumu jeusi. Bega, kifua, kiuno, nyonga, mkono, urefu wa gauni. Tulikuwa wawili tu tuliokigusa: mimi ninayepima, na binti yangu anayeandika. Mimi shule niliishia darasa la nne, mwandiko wangu ukiuona utadhani kuku kapita na miguu yenye wino. Tena mikono imeshika futi na midomo imeshika pini. Basi binti yangu akirudi shuleni anavua viatu, anaingia chini ya meza ya kukatia na penseli yake. Mimi na mteja tuko nyuma ya pazia la kona, natamka kwa pembe ya mdomo, "Thelathini na nne," naye anaitikia, "Thelathini na nne, mama," penseli inakwaruza. Chumba kinanuka mkaa wa pasi na kitambaa kipya. Chaki imetapakaa hadi kwenye chai. Nikiyakumbuka hayo, naona tulikuwa matajiri bila kujua.

Na kilichopimwa kilibaki humo. Kuna bi harusi mmoja kiuno chake kiliongezeka inchi mbili kila alipokuja kujaribu gauni. Nikawa naachia mshono, nanyamaza. Harusi ilipita, mtoto akaja, watu wakahesabu miezi kwa vidole wakaja kuniuliza. Nikawaambia mimi nashona, sizalishi.

Sasa chumba hicho anacho mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kiume. Namwita mke mwenzangu, huo ndio utani wetu. Ana vyerehani vitatu vya umeme, na ametengeneza tovuti ya kazi yake: picha za magauni, mahali tulipo, namba ya simu. Akaona kitabu changu kinakatika, wadudu wameanza kula pembe, akakipiga picha karatasi kwa karatasi akaziweka kwenye ukurasa mmoja wa tovuti hiyo pamoja na vipimo vyake vipya, ili akiwa dukani kuchagua vitambaa aangalie vipimo kwenye simu. Wazo zuri. Ila aliuweka wazi. Alidhani asipomwambia mtu, hakuna atakayeuona. Kumbe tovuti yenyewe ikaupanga juu kabisa, pamoja na kurasa nyingine, umeandikwa "Vipimo".

Ilikuwa Jumanne. Hata saa sita haijafika, akaingia mke wa mwalimu mkuu mstaafu, anahema, simu ameinua juu.

"Fundi! Kiuno changu kinatembea mtandaoni!"

"Karibu ukae, mama," mjukuu akasema.

"Sikai! Wifi yangu ndiye kaniletea, anacheka mpaka machozi."

"Lakini mama, hicho ni kipimo cha zamani sana. Inchi ishirini na sita."

"Ndiyo ubaya wenyewe! Kila mtu kajua nilikuwa ishirini na sita. Sasa wananitazama nilivyo, wananipa pole!"

Nikampa kiti, nikampa maji, nikaomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima. Alipotoka nikamgeukia mjukuu.

"Mke mwenzangu, funga."

"Tovuti nzima, bibi? Si nitakosa wateja!"

"Utajua mwenyewe. Ila hao wanawake walivua nguo mbele yangu, si mbele ya dunia."

Akaniambia unaweza kufungwa ukurasa mmoja tu, nyingine zikabaki wazi. Anayetaka kuingia ataulizwa nywila, yaani neno la siri.

"Kila mteja na neno lake?"

"Hapana. Neno moja kwa ukurasa wote."

"Kwa hiyo nikimpa mmoja, anawaona wenzake wote?"

"Ndiyo hivyo, bibi."

"Basi hapewi mteja. Hata alie. Akitaka vipimo vyake apige simu, asomewe vyake tu."

Neno nikalichagua mimi mwenyewe, na hata wewe sikutajii. Mjukuu akaongeza namba nyuma yake, akabonyeza akamaliza. Mimi sikuamini. Nikamwita jirani yetu, muuza vifungo, ajaribu kwa simu yake. Kikatokea kisanduku cheupe kinauliza. Akaandika "fundi", kikakataa. Akaandika "bibi", kikakataa. Moyo ukatulia.

Jioni binti yangu akapiga simu. Yeye ni muuguzi, yuko mji mwingine, mwendo wa saa nne kwa basi.

"Mama, leo asubuhi nilikiona kitabu chetu. Nilifika katikati nikaitwa wodini. Kurudi, kimefungwa. Nipe neno la siri nimalizie."

"Unatafuta nini humo?"

"Nataka kuangalia tu."

"Mwanangu, kimefungwa hicho. Kina mambo ya watu. Leo tu nimetukanwa kwa sababu ya kiuno."

"Kwa hiyo na mimi nimo kwenye hao wa kufungiwa?"

"Usilichukulie hivyo."

"Sawa, mama. Usiku mwema."

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana huwa ananipigia. Jumapili ile hakupiga. Iliyofuata hakupiga. Nikapiga mimi, akasema yuko zamu, sauti kavu. Ya tatu nikakaa na simu mapajani mpaka kivuli cha dirisha kikahama kutoka kwenye kiti hadi mlangoni. Ana miaka hamsini na mbili, na mimi sina wa kike mwingine. Nikajiuliza, neno moja tu la siri linaweza kunikosesha mtoto?

Nikamwambia mjukuu anifungulie ukurasa. Nilikuwa sijautazama hasa tangu apige picha. Akanikuzia maandishi. Nikaona nne zake zilizo wazi juu, saba zake zenye mkia. Mahali fulani ameandika kifua, akafuta, akaandika tena. Pembeni amechora ua dogo, labda mteja alichelewa kuvaa. Karatasi baada ya karatasi, miaka saba, wote ni mwandiko wake. Mambo ya watu, mimi nilisema. Na nani aliyeyaandika? Mtoto aliyeyasikia yote chini ya meza na hakutoa hata moja nje, huyo ndiye niliyemfungia mlango!

Nikampigia hapohapo. "Njoo. Neno nitakupa. Ila kwenye simu silisemi, nitakunong'oneza sikioni."

Nilisikia anacheka kidogo. "Mama, wewe na siri zako."

Jumamosi akaja, na begi moja, miguu imevimba kwa safari. Hakutaka hata chai. Nikamnong'oneza, akaandika, kisanduku kikaondoka. Akakaa kwenye kiti cha wateja, anapandisha kurasa kwa kidole, taratibu, midomo inasoma. Mara nyingine anatabasamu: "Huyu alikuwa anatuletea karanga, unamkumbuka?" Namkumbuka. Mjukuu anashona, mimi natoa nyuzi kwenye pindo. Alipofika mwisho akaiweka simu mezani.

"Sipo."

"Hupo wapi?"

"Humu. Nimeandika wanawake wote wa mtaa, na watoto wao. Nilidhani labda siku moja nikiwa shuleni uliniandika mwenyewe kwa mwandiko wako wa kuku. Sipo."

Nikacheka, Mungu anisamehe. "Wewe nikupime wa nini? Nilikujua kwa macho! Nilikuwa nakata gauni lako ukiwa shuleni, ukirudi linakukaa kama umezaliwa nalo. Hakuna mteja niliyemjua hivyo."

"Najua, mama. Hayakuwahi kunibana."

"Sasa?"

"Sasa wale ulikuwa unawashika mabega. Unawageuza polepole, unawauliza hapa panabana, na hapa je? Unawasikiliza habari zao. Mimi ulikuwa unanirushia gauni: vaa haraka, pisha, kuna mtu anasubiri."

Cherehani cha mjukuu kikasimama. Nikauweka uzi mezani. Miaka yote nilijisifu kwamba mtoto wangu sikuhitaji kumpima.

"Sema, mwanangu," nikamwambia. "Ulikuwa unataka nini?"

Akatazama mikono yake, ile inayoshika wagonjwa kila siku. Akavuta pumzi.

"Nilitaka na mimi unipime, mama."