Wimbo Aliopewa Noelia

Ngumi ya kwanza aliirusha Elvecia Maidana mwenyewe, na ndiyo iliyovunja taya. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na ishirini na sita kati ya hiyo alikuwa ameimaliza machinjioni mjini Rosario, upande wa matumbo, akivuta, akikwangua na kuosha kwa maji ya moto tangu alfajiri hadi adhuhuri. Mkono uliozoea kazi ile ukikupata shavuni, hushangai tena kitu kingine siku hiyo.

Aliyepigwa aliitwa Ezequiel Ferreyra, kijana wa Córdoba mwenye miwani, mtangazaji wa kipindi cha Jumamosi katika redio ndogo ya mtaani. Kipindi chake hakikuwa na habari nyingine ila nyimbo za kundi la roki la Mbwa wa Forodha: mstari huu una maana gani, yule mwanamke wa wimbo wa tatu ni nani, kwa nini Iraola ametaja chumvi mara nne katika albamu moja. Iraola, mwimbaji wa kundi, alikuwa mtu wa mafumbo. Hakubali kuhojiwa, hapigwi picha, hafafanui. Basi mashabiki wakamfafanua wenyewe, kwenye baa, kwenye foleni za tiketi, kwenye mabasi ya kukodi wanapolifuata kundi kutoka mkoa hadi mkoa, na mara nyingi mjadala uliishia kwa mtu kupasuliwa kichwa kwa chupa.

Wimbo mmoja tu haukuwa na ubishi. Uliitwa "Dada wa Mvua", na ulianza hivi:

Uliacha kiatu kimoja langoni,
farasi wakalinywa jina lako.

Kila shabiki alijua huyo ni Noelia Maidana, binti pekee wa Elvecia. Alikufa akiwa na miaka kumi na tisa, nje ya uwanja wa mpira ambamo Mbwa wa Forodha walikuwa wakipiga, siku polisi wa farasi walipoamua kuisukumia foleni ukutani. Watu walibanwa langoni wasiweze kwenda mbele wala nyuma. Farasi walipita juu yao, wakageuzwa, wakapita tena. Gazeti la kesho yake lilitoa picha ya lami iliyotota, na katikati yake kiatu kimoja cha kike. Elvecia alimtambua mwanawe kwa mguu, maana usoni hapakuwa na cha kutambua. Hakuna askari aliyelala rumande hata usiku mmoja. Mwaka uliofuata albamu mpya ikatoka, na wimbo ule ukiwa ndani yake.

Noelia alipokuwa hai, mama yake alikuwa akiugonga mlango wa chumba chake kwa mpini wa ufagio ili apunguze sauti ya zile kelele. Sasa Elvecia hakukosa onyesho hata moja. Vijana wa Rosario walimshonea bendera ya mita kumi yenye uso wa Noelia, wakamwekea kiti cha mbele kwenye basi, wakamwita Mama. Kiongozi wao, Pocho Verdún, kuli wa bandarini mwenye shingo kama gogo, ndiye aliyembebea begi. Na wimbo ule ulipoanza, watu elfu thelathini waliuimba wakiitazama bendera. Mahakama haikumpa kitu. Wimbo ule ndicho kitu alichopewa, na alikishika kwa mikono miwili.

Siku ya ngumi ile ilikuwa Julai, mjini San Eloy, saa nane mchana. Uwanja wa malisho kando ya ukumbi ulikuwa umejaa moshi wa soseji na mbao mbichi. Watu walikunywa divai kwenye chupa za plastiki zilizokatwa shingo. Ezequiel akaja mwenyewe hadi kambi ya Rosario, peke yake, redio kaseti kwapani.

"Mama Maidana? Samahani kukusumbua. Naitwa Ezequiel. Kuna jambo nataka ulisikie kwangu kabla sijalisema hewani."

"We si yule kasuku wa Córdoba?" Pocho akasema akicheka. "Kaa hapa, chukua soseji, funga domo."

"Nitakaa. Ila naomba mama asikilize kwanza."

"Sema, mwanangu," Elvecia akamwambia. Bado alikuwa akitabasamu.

Kijana akashusha redio kutoka kwapani. Akaeleza kwamba mpiga besi wa zamani wa kundi amempa kaseti ya mazoezi, na juu yake imeandikwa tarehe: miaka miwili kabla Noelia hajafa. "Wimbo umo, mama. Wimbo wenyewe kabisa. Iraola alikaa uhamishoni Madrid wakati wa utawala wa wanajeshi, na kule mitaani unga wa sindano wanauita farasi. Mke wake alikufa kwa sindano. Farasi ni huo unga. Si farasi wa polisi."

Pocho akasimama.

"Rudia," Elvecia akasema.

"Sikuja kukuumiza, mama. Lakini kaseti ni kaseti." Akabonyeza kitufe, na kutoka katikati ya mikwaruzo ikasikika sauti ya Iraola, nyembamba, ya miaka iliyopita: farasi wakalinywa jina lako.

Hapo ndipo Elvecia alipompiga. Taya lilitoa mlio wa ubavu wa ng'ombe unapopigwa shoka, mlio alioujua vizuri kuliko wimbo wowote. Miwani ikaruka. Kijana akapiga magoti, akajishika kidevu kana kwamba anazuia kitu kisianguke, na Pocho akamtia teke la mbavu. Kisha wakamvamia wote, saba au wanane, kwa buti, kwa fito za bendera. Mmoja alikuwa na koleo la makaa. Ezequiel alijikunja tope likiruka, akafunika kichwa, wakamvunja vidole vilivyokifunika. Hakupiga kelele, taya halikumruhusu. Alitoa sauti ya puani tu, kila wapigapo.

Elvecia alisimama akitazama. Mtu asidanganyike: alitamani waendelee. Miaka sita alikuwa akiota kuona mtu akikanyagwa kwa sababu ya Noelia, na sasa alikuwa anaona.

Redio ilikuwa imeangukia ubavu kwenye nyasi, kaseti bado inazunguka ndani yake. Kwenye kaseti kundi lilikuwa limekosea, limeanza wimbo upya. Akausikia mstari wa kwanza.

Uliacha taa inawaka jikoni,
farasi wakalinywa jina lako.

Taa. Jikoni. Elvecia akainama, akaiweka redio sikioni, akasubiri. Hapakuwa na kiatu.

"Basi!" akapiga kelele. "Mwacheni! Basi!"

Hakuna aliyemsikia. Akamkamata Pocho nywele kwa nyuma, akamvuta mpaka akaanguka chali, akajilaza mwenyewe juu ya kijana, na buti mbili za mwisho zikaishia mgongoni kwake. Walipotambua ni yeye, wakarudi nyuma wakihema. Jicho la kushoto la Ezequiel lilikuwa limefunga, na damu iliyotoka humo haikuwa nyekundu tupu. Watu wa huduma ya kwanza walikuja na machela, wakambeba.

Elvecia akaiokota redio, akaenda nyuma ya jukwaa, ambako walinzi walimjua mama wa bendera. Walimfungulia bila kuuliza, ingawa mikono yake ilikuwa na damu hadi vifundoni. Iraola alikuwa peke yake ndani ya chumba cha mbao, amevaa sweta, chupa ya chai ya chuma pembeni, akinywa mate, ile chai chungu ya majani ya kwao. Alikuwa mfupi, kipara, na miwani ya kusomea ikining'inia shingoni. Akainuka kumkumbatia, kama ilivyokuwa desturi yake. Elvecia akamwekea redio mezani, akabonyeza.

Iraola akasikiliza mpaka mwisho. Akakaa.

"Mama Noelia," akasema, "nyimbo ni za watu. Kila mtu huchukua chake."

"Sikuulizi habari za watu. Nakuuliza wewe."

Iraola akachukua kikombe. "Ni wa mke wangu. Graciela. Niliporudi nyumbani siku ile Madrid, taa ya jikoni ilikuwa inawaka mchana." Alikuwa akizungusha kikombe. "Wimbo ulinikwama. Miaka mitatu haukutembea. Taa ile haikuwa inasema kitu. Ndipo nikaiona ile picha gazetini."

"Ukachukua kiatu."

"Nikachukua kiatu."

"Jina lake ulilijua?"

"Hapana. Nililijua watu waliponiambia kwamba nimemwandikia."

"Na miaka yote hii unanikumbatia humu ndani."

"Ulikuwa ukilia, Mama Noelia. Ulitaka nikwambie nini? Umati mzima ulikuwa umeshakwambia."

Elvecia akainua ile chupa ya chuma na kumpiga nayo mdomoni. Kizibo kikatoka, maji ya moto yakamwagika juu ya sweta na juu ya mkono wake mwenyewe, asiyahisi. Jino likaanguka mezani. Mlinzi akachungulia, na Iraola, damu ikimchirizika kidevuni, akampungia mkono atoke.

"Nje kuna kijana," Elvecia akasema. "Amesema ukweli wako, nikamvunja taya. Jicho lake pengine halipo. Wewe ulikuwa unakunywa chai yako ya mate."

Akatoka.

Kambini walikuwa wamekusanyika chini ya bendera, iliyofungwa kati ya nguzo mbili. Wengine walikuwa wakijiosha mikono kwa divai. Pocho akamkimbilia.

"Amesemaje, Mama? Si amesema yule mbwa ni mwongo?"

Elvecia akawaambia yote: mke, taa, picha ya gazetini. Aliwaambia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayepeleka salamu. 

"Si kweli," Pocho akasema.

"Ametamka kwa mdomo wake."

"Basi anaficha. Iraola huficha kila kitu, nani asiyejua? Huo wimbo ni wa Noelia."

"Kiatu ni cha Noelia. Wimbo si wake."

"Mimi nimemtoa mtu jicho kwa ajili ya Noelia!" Sauti yake ilipasuka. "Unasikia? Leo hii! Halafu unakuja kuniambia ilikuwa bure?"

"Ulimtoa kwa ajili yangu, Pocho. Mimi ndiye niliyeanza, na nilikosea. Nifungulieni bendera yangu, naondoka."

Pocho akaitazama bendera. Kisha Pocho akasema polepole, "Bendera si yako, Mama. Tumeishona sisi. Na Noelia si wako peke yako. Noelia ni wetu sote."

Elvecia alimtazama kijana aliyembebea begi miaka mitano. Hakuwa amewahi kumwona Noelia hata kwa mbali. Hakujua kwamba alikuwa akikoroma, wala kwamba alichukia ini, wala kwamba asubuhi ile ya mwisho waligombana kwa sababu ya zamu ya kufua. Kwake Noelia alikuwa kitambaa.

Akatoa mfukoni kisu kidogo cha kukatia soseji, akaiendea nguzo, akakata kamba ya kwanza. Chupa ikatoka nyuma, ikampasukia juu ya nyusi. Damu ikamziba jicho. Akakata ya pili. Pocho akalishika pindo la bendera kwa mikono miwili, akavuta, naye Elvecia akavuta, wakaburutana hivyo juu ya makaa na vipande vya mkate, mpaka kitambaa kikachanika kutoka kwenye paji la uso wa binti hadi kidevuni. Pocho akamzaba kofi. Akaanguka ndani ya majivu ya moto, akainuka, na safari hii kisu kilikuwa mbele. Kikapita kiganjani kwa Pocho kutoka kidole gumba hadi upande wa pili. Pocho akaachia.

"Njoo," Elvecia akamwambia, nywele zikitoa moshi. "Njoo uchukue."

Pocho hakwenda. Alisimama ameushika mkono wake, damu ikidondokea buti zake, akilia kwa kelele kama mtoto aliyepotea sokoni. Wenzake walimtazama yeye, wakamtazama mama, wakatazama chini. Elvecia akakunja kile kipande alichokipata, akakitia kwapani, akaondoka katikati ya mioto ya mashabiki wa mikoa ya Mendoza na Tucumán, ambao walimpisha wakidhani amepigwa na polisi.

Hema la huduma ya kwanza lilikuwa na vitanda vinne. Wakamlaza cha pili. Kwenye cha kwanza alikuwapo Ezequiel, kichwa kizima kimefungwa bendeji, jicho moja tu nje, wakisubiri gari la kumpeleka hospitali ya mkoa. Muuguzi alikuwa akimshona Elvecia nyusi pale askari alipoingia na daftari. Miaka sita Elvecia hakuwa amezungumza na mtu yeyote mwenye sare ile. Akiwaona barabarani alivuka upande wa pili.

"Huyu nani kampiga?" askari akamuuliza muuguzi, akionyesha kitanda cha kwanza kwa kalamu.

"Hawezi kusema. Taya limevunjika."

"Taya ni mimi," Elvecia akasema. "Yaliyofuata yalifanywa na wengine, lakini niliyaanza mimi. Andika. Elvecia Maidana. Wa Rosario."

Askari akainua kichwa aliposikia jina. Alikuwa kijana, alilijua. Akaandika.

Nje giza lilikuwa limeingia. Kundi lilikuwa limechelewa kupanda jukwaani, na lilipopanda lilianza moja kwa moja na "Dada wa Mvua". Iraola alikuwa akiyatamka maneno vibaya, kama mtu mwenye mdomo uliovimba. Mstari wa kwanza uliporudi tena alinyamaza kabisa, na umati, ukidhani anawapa nafasi, ukauimba wenyewe, kiatu na lango na farasi, hadi turubai la hema likatetemeka.

Muuguzi akasimamisha sindano. "Nisubiri wamalize?"

"Shona tu," Elvecia akasema.

Kwenye kitanda cha kwanza Ezequiel alikuwa amegeuza lile jicho lake moja, anamtazama. Elvecia hakumwomba msamaha. Hakujua angeanzia wapi, na kelele zilikuwa nyingi. Aliutazama mkono wa kijana uliolala juu ya shuka, vidole vitatu vimefungwa vijiti, akaendelea kuutazama mpaka gari lilipofika wakamtoa.